Jeli Kumi na Tatu

Fundi wa maabara alikuwa ameshavuka uwanja na kukaribia geti, boksi kifuani na mwavuli kwapani, Inspekta alipomkuta. Ndani ya boksi mlikuwa na koti jeupe lililokunjwa vizuri, kikombe kisicho na mkono, kalenda ya mwaka jana na pakiti ya vijiti vya meno. Miaka ishirini na sita ya kazi, na yote ilienea kwenye boksi la karatasi za kuchapia.

"Baba, unakwenda wapi na kikao ni saa nane mchana?"

"Nyumbani. Kikao ni chenu."

"Ni chako. Wanataka kukufukuza."

"Basi watanipigia simu."

Mwanamke huyu hakuwa inspekta tena. Alikuwa amestaafu polisi, akazunguka huku na huko kwenye maghala na kampuni za bima, mpaka chuo hiki kikamwajiri kuandika taarifa za nidhamu. Jina lilimng'ang'ania kama moshi kwenye nguo. Na Jumatatu hiyo aliambiwa kazi yenyewe ni ndogo: kurasa mbili na sahihi.

"Jeli za mtihani ulitengeneza wewe?"

"Nilitengeneza jeli kumi na tatu. Kumi na mbili za wanafunzi, moja ya akiba."

"Kwa maji matupu?"

Fundi alimtazama kama mwashi aliyeulizwa kama huwa anajengea uji. Halafu macho yakashuka chini.

"Andika walivyokwambia, mama. Mimi sina neno." Alipiga hatua mbili, akageuka. "Ila ile mizani wasiibonyezebonyeze. Imezoea mkono wangu."

Akatoka. Mlinzi alimfungulia geti zima, kama linavyofunguliwa kwa gari.

Inspekta alibaki amesimama. Huko polisi alikuwa amewaona wenye hatia wakijitetea, na wasio na hatia wakijitetea zaidi. Aliyenyamaza kabisa, mara nyingi, alikuwa anamficha mtu.

*

Mkuu wa idara alikuwa mtu wa haraka, mwenye saa kubwa mkononi na mazoea ya kuitazama. Pembeni yake aliketi mwalimu wa somo, ambaye kila mtu alimwita Daktari: kijana bado, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mkono wa kushoto umefungwa bendeji kuanzia kifundo hadi kwenye kidole gumba.

"Pole na mkono," Inspekta alisema.

"Chai tu. Nilijimwagia nyumbani."

Mkuu alieleza kisa kama mtu anayesoma orodha. Ijumaa ulikuwa mtihani wa mwisho wa vitendo. Kila mwanafunzi anapewa bamba la jeli, laini na angavu, lenye vishimo vidogo upande mmoja. Anatia vinasaba kwenye vishimo, bamba linalazwa ndani ya bafa, yaani maji yenye chumvi zake, umeme unawashwa, na vinasaba vinatembea ndani ya jeli kuelekea waya mwekundu. Vifupi vinatangulia, virefu vinachelewa. Baada ya saa moja vinatazamwa chini ya taa, vimejipanga mistari.

"Ijumaa havikwenda popote," Mkuu alisema. "Vilitambaa nusu ukucha, vikatawanyika kama ukungu. Jeli zote kumi na mbili. Na mtahini wa nje amekaa pale anatazama. Jeli ilipikwa kwa maji badala ya bafa. Umeme haupiti sawasawa kwenye jeli ya maji."

"Na mnajuaje ni fundi?"

Mkuu alisukuma mezani vitu vitatu. Daftari la funguo la getini: Alhamisi fundi alichukua ufunguo saa nane mchana, akaurudisha saa kumi, na kabla yake hakuna aliyeandika. Kikaratasi chembamba cha mizani, ambacho hujitokeza chenyewe kila kitu kikipimwa: *Alhamisi, 3:12, gramu 6.50*. Na daftari la fundi mwenyewe.

"Gramu sita na nusu ni unga wa jeli kumi na tatu hasa," Mkuu alisema. "Saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Yuko peke yake. Maana yake zile za kwanza ziliharibika, akapika nyingine kwa pupa, akakosea, akaficha. Humu ameandika ya Jumatano tu."

"Kikaratasi kilipatikana wapi?"

"Mdomoni mwa mizani. Daktari ndiye aliyekiona, baada ya mtihani."

"Roho inaniuma," Daktari alisema. "Ni shemeji yangu. Nimemwoa dada yake. Lakini mtu wa kidato cha nne, ukimwachia mtihani wa chuo kizima, siku moja atakuaibisha."

Inspekta alifungua daftari la fundi. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyefundishwa kwa chaki, na saba zake zilikuwa na mkia. *Jumatano, saa tisa alasiri, jeli 13.* Pembeni kimegundishwa kikaratasi cha siku hiyo: *9:20, gramu 6.50*.

"Umeona?" Mkuu alicheka. "Mashine inasema tisa na ishirini, saa tatu ya asubuhi, yeye anaandika alasiri. Mzee hata saa imeshampita."

Inspekta alikitazama kile kikaratasi muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Wanafunzi wanamwitaje fundi?"

"Profesa," Mkuu alisema, bado anacheka.

Daktari alizipanga upya kalamu zake, ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Kama unataka kuwa mwadilifu," alisema, "muulize na kiongozi wa darasa. Alionekana Alhamisi jioni akitoka jengo lile na chupa."

*

Kiongozi wa darasa alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti ya kuzoea kuita majina. Swali la chupa halikumtikisa.

"Nilichukua maji ya moto chumba cha walinzi. Birika la bwenini limeungua. Muulize mlinzi, alinikaripia kwa sababu nilimaliza yote."

Mlinzi aliulizwa kwa simu. Alikuwa bado amekasirika.

"Basi nifundishe jeli," Inspekta alisema. "Kama unavyomfundisha mtu wa mwaka wa kwanza."

Msichana alivaa koti. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za vigae vyeupe, masinki mawili, friji, na mikrowevu yenye mlango ulioshikizwa kwa utepe wa gundi. Alipima bafa kwenye chupa ya kioo, akachota unga mweupe kwa kijiko kidogo, akauweka mizanini juu ya karatasi. Mizani ililia, ikatoa kikaratasi. Alikichana na kukitupa bila kukitazama.

"Huwa mnavitupa?"

"Sisi ndiyo. Profesa peke yake anagundisha."

Unga ukaingia chupani, chupa ikaingia mikrowevu. Baada ya dakika mbili ilichemka na kuwa angavu kama kioo. Msichana aliitoa kwa kitambaa kinene, akaiweka mezani, akarudi nyuma hatua moja. Inspekta alinyoosha mkono.

"Usiiguse, mama. Usiitikise kabisa. Inaonekana imetulia, kumbe bado ina hasira. Ukiitikisa inafura na kukurukia. Kila mgeni wa jeli anaungua mara moja, na anaungua hapa." Alijigusa mgongo wa mkono wa kushoto, pale kati ya gumba na kifundo. "Profesa anatuhesabisha mpaka sitini."

"Daktari naye hupika jeli?"

"Daktari?" Msichana aliuma mdomo. "Daktari anafundisha kwa slaidi."

"Na yeye mnamwitaje?"

"Mama, usiniponze."

"Siandiki."

"Shemeji wa Profesa."

"Anajua?"

"Muhula uliopita mtu aliandika ubaoni. Aliingia, akafuta mwenyewe, akafundisha saa mbili bila kutazama upande wetu."

Alimimina jeli kwenye trei, akasimamisha chanuo la plastiki la kutengenezea vishimo. Vipovu vitano sita vilijitokeza juu. Akachukua kijiti cha meno na kuvisukumia pembeni kimoja kimoja.

"Hiki kijiti ni cha Profesa. Anasema povu moja njiani linatosha kupindisha mstari. Jeli yake unaweza kusomea gazeti."

"Na zile za Ijumaa?"

"Zilikuwa na mapovu. Tuliona wote. Tulidhani macho yake yameanza kuchoka, tukaona haya kusema."

"Ile ya akiba ipo?"

Ilikuwepo, kwenye friji, haijaguswa. Msichana aliichukua, akatumbukiza ndani yake kipimo cha chumvi. Kipimo kilisoma karibu na sifuri. Maji matupu. Aliinua bamba kwenye mwanga wa dirisha: mapovu kumi na zaidi.

Inspekta aliinama kwenye pipa la taka, akaokota kile kikaratasi kilichotupwa muda mfupi uliopita. Halafu akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika hamsini asubuhi, na ile saa, kama saa zote, mishale yake ilionyesha kumi na dakika hamsini.

Kikaratasi kilisema *4:41*.

"Tulipima unga lini?"

"Dakika kumi zilizopita. Saa nne na arobaini hivi."

"Saa nne," Inspekta alisema. "Mizani hii inasema saa nne."

Msichana hakuelewa mara moja. Kisha akacheka, akajiziba mdomo. "Ameiwekea saa ya Kiswahili."

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine zote za jengo lile zilikuwa na saa ya kigeni, ile ambayo kila mtu huitazama na kuigeuza kichwani bila hata kujua kwamba anageuza. Fundi alikuwa amechoka kugeuza. Mizani ilikuwa yake, mkono wake ndio uliozoea, akaiweka isome kama yeye anavyosema. Kwa hiyo Jumatano 9:20 ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri, kama alivyoandika. Na Alhamisi 3:12 haikuwa alasiri. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi.

"Alhamisi saa tatu asubuhi Profesa alikuwa wapi?"

"Stoo kuu. Alhamisi ni siku ya madumu ya maji."

*

Mtunza stoo alikuwa na daftari safi kuliko yote. Alhamisi, saa mbili na nusu hadi saa nne na robo, fundi wa maabara, madumu sita, sahihi ya kutoka, sahihi ya kuingia.

"Tulikunywa na chai," mtunza stoo alisema. "Alinisimulia habari za shemeji yake. Anasema kijana ana akili sana, ila hapumziki. Anamwonea huruma."

"Anamwonea huruma?"

"Ndiyo maneno yake."

Saa sita na robo Inspekta alikuwa mlangoni kwa mke wa Daktari, nyumba ya tatu nyuma ya chuo. Alikuwa mshonaji. Sebule nzima ilikuwa cherehani, vitambaa na makaratasi ya vipimo.

"Karibu, dada. Kama ni gauni, wiki hii nimejaa."

"Si gauni. Natoka chuoni. Mkono wa baba watoto unaendeleaje?"

"Unakauka. Si kazi zenu za maabara hizo. Alhamisi kuna kitu kimemrukia kutoka kwenye chupa."

"Si chai?"

"Chai?" Mshonaji alitabasamu na pini mdomoni. "Huyu? Chai namtilia mimi, na kuikoroga namkorogea."

Inspekta alikaa bila kukaribishwa tena. "Kaka yako ameondoka kazini leo asubuhi. Wanasema aliharibu mtihani. Saa nane wanamfukuza rasmi."

Cherehani ilinyamaza. Mshonaji alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Kaka hajaharibu kitu tangu nimjue. Alikuja hapa jana, akala, akanicheka nimenenepa. Hakusema neno."

"Ufunguo wa akiba wa maabara uko wapi?"

"Pale msumarini. Kaka ananiwekea mimi tangu alipopoteza wa kwanza."

"Alhamisi ulikuwepo?"

Mshonaji aliutazama msumari.

"Asubuhi haukuwepo," alisema. "Jioni ukawepo. Nikajiambia kaka kapita nikiwa sokoni." Alinyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka. "Dada, wewe umeolewa?"

"Niliolewa."

"Basi utanielewa. Mume wangu amesoma mpaka ng'ambo. Lakini bomba likivuja nasema subiri kaka aje. Mtoto akishindwa hesabu, anasema nangoja mjomba. Mimi sikuwa na nia mbaya, ndivyo nilivyolelewa, kaka ndiye aliyenilea. Siku hizi nikitaja jina lake tu, anaweka kijiko chini. Mwezi uliopita Mkuu kapendekeza kaka apewe maabara mpya aisimamie. Nilishangilia. Nilipiga na vigelegele hapahapa. Yeye akaenda kulala saa moja."

"Alhamisi alileta chochote nyumbani?"

Aliinuka, akaenda jikoni, Inspekta nyuma yake. Kwenye friji, droo ya chini, chini ya mboga, palikuwa na chombo cha plastiki kilichofunikwa taulo.

"Alinikataza nisiguse. Alisema ni sampuli za utafiti."

Alifunua. Ndani yake mlikuwa na mabamba kumi na matatu, kila moja limefungwa nailoni, kila moja na namba yake kwa wino. Mshonaji alichukua moja, akaligeuzia dirishani. Vishimo vilionekana vimenyooka kama mshono wa mashine. Ndani hapakuwa na povu hata moja.

Lilikuwa la saba. Saba ilikuwa na mkia. Aliitazama, halafu akaitazama karatasi ya vipimo iliyobandikwa mlangoni mwa friji, mwandiko wake mwenyewe: kiuno sabini na saba. Saba mbili zenye mikia.

"Kaka alinifundisha kuandika kwa kijiti, mchangani," alisema.

"Naweza kuzichukua?"

"Hapana." Alifunika taulo, akalikaza chini ya kingo. "Nikikupa wewe nitasema maisha yangu yote kwamba zilichukuliwa. Nabeba mwenyewe. Ngoja nivae viatu."

*

Kikao kilikuwa na watu watatu: Mkuu, mtahini wa nje, na Daktari. Kiti cha fundi kilikuwa kitupu. Inspekta aliwaomba wahamie maabara, dakika tano tu. Mkuu alinung'unika lakini akaenda. Pale Inspekta alimwomba kalamu yake, akaiweka mizanini.

"Saa yako inasema ngapi, Mkuu?"

"Mbili na dakika tisa. Saa nane na tisa."

Kikaratasi kikatoka. Mkuu alikisoma, akakisoma tena. *8:09*. Akatazama mkono wake, ukuta, kikaratasi.

"Alhamisi 3:12 ni asubuhi," Inspekta alisema. "Fundi alikuwa stoo, ametia sahihi mara mbili. Aliyekuwa hapa aliingia kwa ufunguo wa akiba, akapika jeli za maji, akazibadilisha na zile za Jumatano. Hakuwa mzoefu, maana aliitikisa chupa ikiwa imetoka tu, ikamrukia mkononi. Alipoona kikaratasi kinasoma 3:12, saa ambayo ninyi mngeidhani ya alasiri, akakiacha palepale kimsubiri fundi."

Kila mtu alitazama bendeji.

"Ni chai," Daktari alisema. "Nimeshasema. Mtu yeyote angeweza..."

Mlango ulifunguliwa. Mke wake aliingia, akaweka chombo mezani, akaondoa taulo, akasimama upande wa pili wa meza, asiwe karibu na yeyote.

Mtahini wa nje, ambaye hakuwa amesema neno tangu Ijumaa, alichukua bamba moja na kuliinua kwenye mwanga. "Nani ametengeneza hizi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

Daktari alikuwa anamtazama mkewe. "Hata leo," alimwambia. "Hata leo umemchagua yeye."

"Nimebeba kilichokuwa kwenye friji yangu."

"Mbona hukuzitupa?" Inspekta aliuliza. "Pipa liko pale. Sinki liko pale. Ungezitupa, nisingekuwa na kitu cha kuonyesha."

Daktari aliketi juu ya stuli ya wanafunzi. Bendeji ilikuwa imelegea na ncha yake inaning'inia.

"Nilikusudia," alisema. "Nikaiinua moja dirishani. Mimi nimesoma miaka tisa kitu hiki, sijawahi kuona jeli kama ile. Zangu zilijaa mapovu, na sikujua anafanyaje." Aligeuza uso. "Sikuweza kuzitupa. Zilikuwa nzuri mno."

"Kijiti cha meno," mkewe alisema. "Anatumia kijiti cha meno. Ungemuuliza tu, angekuonyesha."

*

Taarifa ya Inspekta ilikuwa kurasa nne. Fundi alirudishwa kazini Jumanne. Alipoulizwa kwa nini hakujitetea, alisema Ijumaa alipoona mapovu na kusoma kikaratasi alijua ufunguo umetoka nyumba gani, na nyumba ile ni ya dada yake. Ufunguo wa akiba sasa uko getini.

Mtihani ulirudiwa Jumatano kwa jeli kumi na mbili kati ya zile za fundi. Wanafunzi kumi na mmoja walifaulu. Mmoja alifeli kwa sababu aligeuza waya, vinasaba vikakimbilia upande usio wake. Kiongozi wa darasa alimaliza chuo na anafanya kazi katika maabara ya hospitali.

Daktari aliandika barua ya kuacha kazi kabla hajaandikiwa. Anafundisha baiolojia katika shule ya sekondari, mji mwingine. Mkono ulipona na kuacha baka jeupe. Mke wake hakumfuata mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alimfuata na cherehani yake, na huko kaka yake hatajwi mezani.

Maabara mpya ilipewa mtu kutoka nje. Mkuu alistaafu. Inspekta alikaa chuoni hapo miezi saba, kisha akaenda kufanya kazi kwingine.

Jeli ya kumi na tatu ilibaki kwenye friji mpaka ikakauka. Mizani bado inasoma saa ya Kiswahili.